Ulanzi wa Iringa na tembo la Pemba: sheria hutungwa na nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Nafundisha Uraia sekondari hapa Mafinga. Nilikuwa naeleza jinsi katiba ya Canada ilivyogawa kazi kati ya serikali kuu na majimbo, mwanafunzi akauliza: likizuka jambo ambalo katiba haikulitaja, nani analitungia sheria? Akatoa mfano wa ndege zisizo na rubani zinazopulizia dawa mashambani. Nimemwahidi jibu Jumatatu. Na kwetu je?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mwanafunzi usimwachie.

Baba yangu alipotugawia ardhi kule Kilolo alitaja kila shamba la mlimani na mwenye nalo. Vinyungu, yaani bustani za bondeni zenye unyevu, hakuvitaja. Kiangazi kilipoingia, mlimani pakakauka, sote tukateremka bondeni na majembe. Ndugu wa tumbo moja tulikaa miaka minne hatusalimiani. Kila katiba inayogawa madaraka ina vinyungu vyake, na mwenye busara huandika mapema ni vya nani.

Marekani waliviandika mwaka 1791: ambacho serikali kuu haikupewa, wala majimbo hayakukatazwa, ni cha majimbo au cha wananchi. Canada, mwaka 1867, vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeisha juzi tu, waliogopa majimbo yenye nguvu. Kifungu cha 91 kikalipa Bunge la nchi mamlaka ya kutunga sheria kwa ajili ya amani, utulivu na utawala bora juu ya kila jambo ambalo halikuachiwa majimbo peke yao.

Lakini majimbo nayo yalipewa "mali na haki za kiraia", na wavu huo unanasa karibu kila kitu. Ndipo kesi zikaanza. Russell, muuza pombe wa Fredericton, alipinga sheria ya nchi nzima ya kuzuia ulevi, akisema biashara yake ni jambo la jimbo. Mwaka 1882 majaji wa London, ambako rufaa za mwisho za Canada zilikuwa zikisikilizwa wakati huo, walimkatalia: sheria ile ililenga usalama na utulivu wa umma, basi ni ya Bunge la nchi. Baadaye majaji hao hao waliibana sana kauli hiyo ya amani na utulivu. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mahakama Kuu kabisa ya Canada iliamua kwamba usafiri wa anga ni jambo la taifa zima. Mwambie mwanafunzi wako hilo, maana 1867 ndege hazikuwapo.

Kwetu, fungueni Ibara ya 64 ya Katiba. Bunge la Dodoma limepewa mambo ya Muungano "na pia" mambo mengineyo yote yahusuyo Tanzania Bara. Vinyungu vya Bara viko ndani ya hayo maneno "mengineyo yote". Zanzibar ni kinyume: lisilokuwa la Muungano ni la Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo ulanzi wa Iringa, pombe ya mianzi, ambao haumo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, sheria yake ni ya Bunge, na tembo la mnazi la Pemba ni la Baraza. Ndege za dawa si kinyungu hata kidogo. Usafiri wa anga umo kwenye orodha ya Muungano.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye uchungu. Hati ya Muungano ya mwaka 1964 ilikuwa na mambo 11. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, yenye orodha hiyo, leo ina 22. Kila jambo linaloongezwa linamegwa kwenye vinyungu vya Wazanzibari, si vyetu, kwa kuwa vyetu viko Dodoma tayari. Nikisikia watu wa Bara wakishangaa manung'uniko ya wenzetu, nawakumbuka kaka zangu na yale majembe. Kubadili orodha hiyo sasa kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar, wakihesabiwa mbali mbali.

Jumatatu wape wanafunzi Nyongeza yenyewe, kila mmoja aje na jambo moja la kijijini kwao ambalo halimo.