Wasomaji Wanauliza: Je, Tanga ya Viwanda Yaweza Kuwa Tanga ya Mikutano?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Babu yangu alikuja Tanga akiwa manamba wa kukata mkonge, na baba yangu alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha hapa mjini mpaka kilipofungwa. Familia yetu pamoja na majirani wawili tunamiliki ghala la zamani karibu na reli, ambalo siku hizi wapangaji wake ni popo tu. Nimesikia kwamba huko Ujerumani eneo zima lililoishi kwa makaa ya mawe na chuma sasa linaishi kwa kupokea mikutano ya wafanyabiashara. Je, ni kweli? Na sisi tuligeuze ghala letu kuwa ukumbi? – Mjukuu wa Manamba, Ngamiani, Tanga.

JIBU: Marahaba. Uliyoyasikia yana ukweli, ila yamekufikia yakiwa yamepunguzwa miaka. Eneo hilo ni Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, ambako katika miaka ya 1950 migodi ya makaa ya mawe iliajiri watu zaidi ya laki nne. Anguko lilianza 1958, mafuta na makaa ya bei nafuu kutoka nje yalipoingia sokoni, na mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel wa mjini Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Hesabu mwenyewe: ni miaka 60 ya kudhoofika polepole, na mageuzi unayoyasikia yalifanyika humo humo, huku migodi mingine ikiendelea kufungwa. Wala mikutano peke yake haiwalishi. Vyuo vikuu, hospitali na biashara za kawaida vinaajiri watu wengi zaidi.

Mgodi wa Zollverein, mjini Essen, ulipofungwa tarehe 23 Desemba 1986, ungeweza kuishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kama ilivyotokea kwa mitambo mingi ya huku kwetu. Haukuishia huko kwa sababu serikali ya jimbo iliununua na kuulinda, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Leo mgeni hupanda ngazi ya umeme yenye taa za rangi ya chungwa, inayong'aa mithili ya chuma kilichoyeyuka, mpaka ndani ya jengo lililokuwa likioshewa makaa, ambalo sasa ni makumbusho. Na katika kumbi za jirani, palipounguruma mitambo, makampuni hukodi nafasi kwa mikutano na karamu zao. Nakusihi utazame ni nani aliyelipa. Kwa miaka kumi, kuanzia 1989 hadi 1999, jimbo liliendesha mpango mmoja mkubwa wa kufufua bonde la mto Emscher, likasafisha ardhi na kuyapa majengo makuukuu kazi mpya. Haikuwa kazi ya majirani watatu wenye ghala.

Mfano unaonivutia zaidi ni Katowice, Poland. Mgodi mmoja wa makaa wa mji huo ulifungwa 1999, na juu ya ardhi yake wakajenga makumbusho, ukumbi wa muziki, na mwaka 2015 kituo cha kimataifa cha mikutano chenye paa lililooteshwa nyasi ambalo watu hutembea juu yake. Desemba 2018 hapo ndipo ulipofanyika mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi, na wenyeji, bila haya yoyote, wakalipamba banda lao kwa makaa ya mawe na kuonyesha hata sabuni za makaa. Wanaharakati walikasirika, na nadhani walikuwa na haki. Lakini hakuna mgeni aliyeondoka bila kujua yupo mji gani.

Hata hivyo, kabla ya kwenda Ulaya, pitia Arusha. Majengo ya AICC, yaani Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, yalijengwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977, mji ukabaki na maghorofa yasiyo na mwenyewe, na mwaka uliofuata ndipo kikaanzishwa kituo cha mikutano. Baadaye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipanga humo kwa takriban miaka 20, na mpangaji wa namna hiyo ni bahati isiyoombwa. Lakini Arusha ilikuwa pia na uwanja mkubwa wa ndege karibu, na mbuga ambazo mjumbe huongeza siku mbili ili azione.

Hapo ndipo Tanga inapojikwaa, nasi wenyewe tumejiimbia kwa muda mrefu: waja leo, waondoka leo. Mji wa mikutano hauishi kwa kodi ya ukumbi, bali kwa usiku ambao mgeni analala, kwa samaki anayemla Raskazone, na kwa bajaji inayompeleka mapango ya Amboni siku ya tatu. Mjumbe wa kutoka Dar es Salaam anasafiri kilomita zipatazo 350 kwa barabara, na kiwanja chetu cha ndege kimezoea ndege ndogo. Mkutano wa watu 2,000 hauwezi kuanzia hapa, na sioni aibu kulisema hilo.

Kinachoweza kuanzia hapa ni mkutano wenye hoja ambayo ni ya Tanga. Mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kwa miche 62 iliyonusurika safarini. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000, ikiongoza duniani. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, yakaja na matatizo ya mashamba baada ya kutaifishwa 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa karibu tani 20,000 tu. Sasa dunia inatafuta tena nyuzi zinazooza, na Bodi ya Mkonge makao yake yapo hapa hapa mjini. Mnunuzi wa singa, yaani nyuzi za mkonge, mhandisi wa mashine, na mtafiti wa gesi itokanayo na mabaki ya mkonge, kama ile iliyojaribiwa Hale, wote wana sababu ya kuja kuiona korona, mashine ya kutoa nyuzi katika majani ya mkonge, ikifanya kazi Ngomeni au Muheza, kitu ambacho hoteli ya Dar es Salaam haiwezi kuwaonyesha. Ongeza bandari iliyochimbwa kina na bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima. Watu wa bandari na wa bomba nao wana mambo ya kujadili. Na mkoba wa mjumbe uwe wa katani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, bado nakwenda kwenye mikutano nikapewa mkoba wa kitambaa kutoka ng'ambo.

Sasa ghala lenu. Nilihudhuria warsha moja, mji sitautaja, katika ghala lililopakwa rangi na kufungwa mapazia. Mvua ilipoanza kupiga bati, mtoa mada aliendelea kusogeza midomo kwa dakika arobaini na sisi tukabaki kutazamana. Kwa hiyo anzeni na dari ya kuzuia sauti na joto. Kabla ya hapo, mwiteni mtaalamu akague kama paa lina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu, kwani mabati ya zamani ya saruji mara nyingi yanayo, na kama ardhini hapakumwagwa kemikali. Kisha jenereta, vyoo vya kutosha, njia mbili za intaneti ili moja ikikatika nyingine ishike, na nafasi ya vibanda vya wakalimani. Mkiona gharama inawazidi, likodisheni kwanza kwa harusi na maonyesho ya biashara. Popo nao muwatoe kwa utaratibu, kinyesi chao kina maradhi.

SWALI: Mimi ni mama lishe, Chumbageni. Mikutano ikija, watakula chakula changu au wataleta wapishi wao? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Dada yangu, wasipojua upo, wataleta wao. Sheria ya manunuzi ya umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake, lakini atakayeifikia ni aliyejiunga katika kikundi kilichosajiliwa, mwenye namba ya mlipakodi, na aliyeingia katika mfumo wa NeST ambamo taasisi za serikali hununua. Maafisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ndio wa kuwaendea. Wapishi wote wapimwe afya na wawe na vyeti. Kisha usianze na chakula cha mchana cha watu 300. Omba chai ya saa nne: maandazi, vitumbua, mihogo ya nazi, na tangawizi iliyokolea. Ni kazi ya watu wanne na majiko mawili, na kama chai imefika saa nne kamili, jina lako litakumbukwa na mwandaaji wa mkutano ujao.