Taa mpya ya LED inachora michirizi kwenye picha ya kibofu: kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali moja Kanda ya Ziwa. Chanzo cha mwanga cha xenoni tulichokuwa tunatumia kwenye sistoskopi (kifaa cha kuangalia ndani ya kibofu cha mkojo) kilikufa, tukaletewa cha LED cha kampuni nyingine. Kamera ni ile ile ya zamani, yenye kihisi cha picha cha aina ya CMOS. Sasa kuna michirizi myeusi imelala kwenye skrini na inapanda polepole. Daktari akipunguza mwanga, au akisogeza kifaa karibu na ukuta wa kibofu, inazidi. Akiongeza mwanga hadi mwisho inatoweka, lakini picha inang'aa mno. Nimebadilisha kebo ya mwanga na kebo ya video, hali ni ile ile. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kebo zako ni nzima, na hata taa haijaharibika. Umenieleza jambo moja ambalo limenipa nusu ya jibu: kwenye mwanga wa mwisho michirizi inatoweka.

Xenoni huwaka mfululizo. Ukitaka ipungue, pazia dogo mbele ya taa linaziba sehemu ya mwanga, lakini moto wenyewe hauzimiki. LED nyingi hupunguzwa kwa njia nyingine kabisa: zinawashwa na kuzimwa haraka sana, na ukipunguza mwanga unachopunguza ni muda wa kuwaka katika kila pigo. Tuseme taa yako inapiga mara 200 kwa sekunde. Kila pigo ni milisekunde 5. Ukiiweka kwenye asilimia 40, inawaka milisekunde 2 na kuzima milisekunde 3. Jicho halioni kitu. Ukifika asilimia 100 haizimiki tena, ndiyo maana michirizi inakwisha.

Kamera ya CMOS ya aina yako haipigi picha nzima kwa mkupuo. Inaanza mstari wa juu, unafuata wa pili, hadi wa 1,080 chini kabisa, na kila mstari una zamu yake ya kukusanya mwanga. Kifaa kikikaribia ukuta wa kibofu, mwanga unaorudi unakuwa mwingi, na kamera inajilinda kwa kufupisha shata, yaani muda ambao kila mstari unakusanya mwanga, pengine hadi sekunde 1/1000. Hiyo ni milisekunde 1. Mistari ambayo zamu yake imeangukia ndani ya zile milisekunde 3 za giza haipati kitu. Hiyo ndiyo michirizi yako. Kama kamera inatoa fremu 50 kwa sekunde na inatumia karibu milisekunde 20 zote kushuka kutoka juu hadi chini, taa ya hezi 200, yaani mapigo 200 kwa sekunde, itakuchorea michirizi minne. Taa ikipiga 200 kamili, michirizi inasimama palepale. Ikipiga 199 au 201, inatambaa, kama unavyoiona.

Jambo hili halinipi amani, hasa kwa huko uliko. Kichocho cha kibofu bado kipo kwenye mikoa ya kanda yenu, na anayekojoa damu anapoangaliwa, daktari anatafuta vitu vidogo: mabaka ya rangi ya mchanga yanayoachwa na mayai ya kichocho, au uvimbe mchanga ambao ukionekana leo unakatwa ukiwa bado mdogo. Mchirizi mweusi ukipita juu ya baka hafifu la manjano, baka hilo halipo. Kwa hiyo msikubali kuzoea.

Kwanza hakikisha. Weka shashi nyeupe sentimita chache mbele ya kifaa, shusha taa hadi asilimia 40 hivi, ondoa kamera kwenye shata ya kujiendesha, iweke kwenye shata fupi kama 1/1000, kisha hesabu michirizi. Kama una fotodaodi (kipande kinachogeuza mwanga kuwa umeme) na osiloskopu ya kuonyesha mawimbi ya umeme huo, dakika tano zinatosha kupata kasi ya mapigo. Kama huna, pungia kalamu nyeupe haraka mbele ya mwanga huo gizani. Ukiona kalamu nyingi zilizoachana badala ya ukungu mmoja, taa inapiga. Na kama siku moja utakutana na kamera ya zamani yenye kihisi cha aina nyingine, CCD, juu ya taa kama hii, huenda usione michirizi kabisa, maana nyingi kati ya hizo hufungua na kufunga pikseli zote kwa pamoja. Hapo picha nzima ndiyo itakayopepesa.

Nafuu ya leo hii ni hesabu tu. Ifungie shata kwenye muda unaobeba mapigo kamili. Kwa taa ya hezi 200, shata ya 1/50 inabeba mapigo manne, na ya 1/100 inabeba mawili. Kila mstari, uanze zamu yake wakati wowote, utapata kiasi kilekile cha mwanga. Tangu hapo mwambie daktari mwanga unaongezwa na kupunguzwa kwenye taa, kamera isiguswe. Gharama yake ni mwendo: kifaa kikisogea milimita 20 kwa sekunde, shata ya 1/50 inaburuta picha kwa milimita 0.4, na ya 1/100 kwa milimita 0.2. Mimi ningeanza na 1/100.

Nafuu ya pili ni kumbana msambazaji akupe taa inayopunguzwa kwa kushusha umeme wenyewe, au inayopiga mara 20,000 kwa sekunde au zaidi. Kwa kasi hiyo hata shata ya 1/1000 inabeba mapigo 20, na tofauti kati ya mstari na mstari haiwezi kuzidi takribani asilimia 5.

Lakini tiba hasa ni kuifundisha taa saa ya kamera. Ndani ya kibofu kuna giza totoro. Hakuna dirisha wala taa ya dari, na mwanga pekee uliomo ni ule ulioupeleka wewe. Anayeimiliki taa basi ameimiliki shata. Acha kila mstari wa kamera ukae wazi milisekunde 20 kamili. Kama kihisi chako kinaweza kusoma mistari yote kwa milisekunde 8, zinabaki milisekunde 12 katika kila fremu ambapo mistari yote 1,080 iko wazi kwa pamoja. Washa taa ndani ya dirisha hilo pekee, na usomaji unapoanza iwe imezimwa. Mistari yote imeona mmweko mmoja, kwa wakati mmoja, na michirizi haina pa kutokea. Mmweko wa milisekunde 4 unapunguza ule mburuto hadi milimita 0.08. Ukitaka mwanga upungue, fupisha mmweko uwe milisekunde 2, au 1. LED inawaka na kuzima ndani ya mikrosekunde, kwa hiyo inaliweza hili. Xenoni yenu ya kuwaka mfululizo isingeliweza bila kisahani cha kuzunguka mbele yake. Ukiuwasha mmweko mapema au kuuchelewesha nje ya dirisha, mistari ya juu na ya chini itaona mimweko ya nyakati tofauti, na kitu kinachosogea kitaonekana kimekatika; hapo unarekebisha muda wa kuanza hadi mkato huo utoke.

Madaktari wa koo wamekuwa wakitumia akili hii kwa miaka mingi. Nyuzi za sauti hutetemeka zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Kipaza sauti kinasikia kasi hiyo, taa inamweka kwa kasi inayopishana nayo kidogo, na mtetemo unaonekana kama wa taratibu.

Alama ya kuiamuru taa lazima itoke kwenye kamera yenyewe, kwenye tundu la kuamuru mmweko. Usiichukue kwenye video inayokwenda skrini, kwani hiyo imeshacheleweshwa na uchakataji. Kamera nyingi za chumba cha upasuaji hazina tundu hilo kwa nje, na hapa nakusihi: usifungue boksi ukatoboa njia yako. Hata kebo moja inayounganisha vifaa viwili inaweza kufungua njia ya umeme kuvuja kuelekea kwa mgonjwa, kwa hiyo muungano huo uwe na kitenganishi kinachopitisha alama kwa mwanga badala ya waya, na umeme unaovuja upimwe upya kabla ya mgonjwa kulala mezani. Mwachie mtengenezaji, au nunueni taa na kamera zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja na kusajiliwa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Kwa sasa fanya jaribio la shashi, kisha niandikie namba tatu: idadi ya michirizi, kasi ya fremu iliyoandikwa kwenye menyu ya kamera, na shata fupi kabisa ambayo michirizi inatoweka. Nikizipata nitakukadiria taa inapiga mara ngapi, na hapo utajua la kumwambia msambazaji.