Tumbo Lisilotulia: Majibu kwa Wasomaji wa Arusha na Moshi

Safari hii maswali karibu yote ni ya tumbo, na yanafanana: linasokota, linajaa gesi, leo choo ni maji, kesho ni vigololi vya mbuzi, na vipimo havionyeshi kitu. Madaktari huuita ugonjwa huu IBS. Ukiutazama utumbo wenyewe hauna kidonda wala uvimbe, ila mwendo wake umevurugika na mishipa yake ya fahamu inahisi kupita kiasi. Mimi si daktari. Ni mwandishi wa Moshi ninayeishi na tumbo la namna hiyo, na limenilazimisha kusoma.

Kila baada ya miezi miwili au mitatu tumbo linanikamata. Naenda maabara ya mtaani, naambiwa taifodi, au amiba, au zote mbili. Nameza dozi, natulia kama wiki, linarudi. Nina miaka 34. Taifodi yangu imekuwa sugu? (Mama wa watoto wawili, Sakina)

Pole mama. Swali hili angeweza kuliandika nusu ya mtaa ninaoishi.

Taifodi yenyewe kwa kawaida huja na homa inayopanda siku hadi siku, kichwa kinauma, mwili unalegea. Tumbo linalosokota bila homa, likapoa ukitoka chooni, halafu likarudi wiki ijayo, halifanani nayo. Tatizo kubwa ni kile kipimo cha damu cha Widal wanachokitumia sana. Hakitafuti mdudu, kinatafuta kinga ambazo mwili umetengeneza dhidi yake. Kinga hizo zinaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya kupona, na wakati mwingine maambukizi mengine huzifanya zionekane. Ndiyo maana mtu anaandikiwa taifodi mara nne kwa mwaka wakati hajawahi kupata homa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, tena kabla hujameza antibayotiki. Amiba nayo ina utata wake: kwa darubini, amiba inayoumiza na ndugu yake asiye na madhara huwezi kuwatofautisha kwa urahisi.

Utauliza, mbona nikimeza dawa natulia? Kwa sababu IBS ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Unakwenda maabara siku ambayo imepanda kabisa, kwa hiyo kinachofuata mara nyingi ni kushuka, ungemeza dawa au ungekunywa uji. Sifa anachukua muuza dawa. Na antibayotiki za mara kwa mara zinavuruga bakteria wazuri wa utumboni, kwa hiyo huenda unalipia kuongeza tatizo.

Sisemi kwamba hukuwahi kuumwa kweli. Kati ya watu wanaopata maambukizi makali ya tumbo, karibu 1 kati ya 10 hubaki na IBS baada ya vijidudu kwisha. Inawezekana mwanzo wako ulikuwa huo.

Ushauri wangu: acha vipimo vya rejareja. Nenda mara moja, kwa utaratibu, hospitali yenye daktari atakayekusikiliza. Mount Meru ipo karibu nawe. Nenda na daftari lenye tarehe, ulichokula, choo kilikuwaje, maumivu yalikuwa wapi. Tarajia kupimwa wingi wa damu, choo, na VVU, maana kuharisha kwa muda mrefu hapa kwetu hakuachwi bila kipimo hicho. Daktari ndiye ataamua kama kuna sababu ya kutafuta TB ya tumbo au kitu kingine. Kwa vigezo vinavyotumika tangu 2016, IBS ni maumivu ya tumbo ya angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, tatizo likiwa limeanza si chini ya miezi 6 nyuma, na maumivu yawe yanaambatana na angalau mawili kati ya haya: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, kubadilika kwa umbo la choo. Ukiingia humo na vipimo vya msingi viko safi, umepata jibu. Huhitaji kupimwa taifodi tena mpaka siku utakayopata homa.

Ni dereva wa hiace, Arusha na Moshi. Asubuhi kabla ya kutoka stendi lazima nikimbilie chooni mara tatu, na njiani nasikia presha tena. Abiria wanalalamika. (Dereva, Kijenge)

Kaka, asubuhi ndipo utumbo mkubwa unapoamka. Ukitia kitu tumboni, hasa chai ya moto au kahawa, utumbo unasukuma. Ni kawaida kwa kila mtu. Kwako unasukuma kwa pupa. Kwa hiyo usipambane nao, upangie ratiba. Amka saa nzima mapema zaidi, kula nyumbani, kaa na choo chako kwa nafasi, ndipo uende stendi. Kinachowaumiza wengi ni chai ya rangi kali na chapati mbili za kumezea haraka dakika kumi kabla ya kupakia.

Punguza kahawa na chai; vikombe 3 kwa siku viwe mwisho. Soda na vile vinywaji vya kuongeza nguvu anavyokunywa kila dereva, weka kando wiki mbili uone tofauti. Ukiwa na safari usiyoweza kuikatisha, dawa ya loperamaidi iliyomezwa kama nusu saa hadi saa moja kabla husaidia. Muulize mfamasia dozi, na usiiguse ukiwa na homa au damu kwenye choo. Isiwe ya kumeza ovyo kila siku bila daktari kujua.

Halafu kuna hofu. Barabara hiyo ni kama kilomita 80, na ukiwaza kwa zote 80 kwamba hakuna choo, tumbo litakusikia. Chagua sheli mbili zenye choo safi, moja upande wa Usa River na nyingine Boma Ng'ombe, ujuane na wahudumu. Siku nyingi hutasimama. Kujua tu kwamba unaweza kusimama kunapunguza presha.

Nimeolewa Kibosho. Nikila kiburu au makande navimba mpaka gauni halifungi. Nikikataa, mama mkwe anaona namdharau. Nimesoma niache ngano, maharage, maziwa, vitunguu, matunda. Sasa nile nini? (Mke wa mtu, Kibosho)

Dada, hapo una matatizo mawili na moja ni la ukoo.

Ulichosoma kinatokana na mlo uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia. Kuna aina za sukari na wanga ambazo utumbo mwembamba haunyonyi vizuri. Zinafika chini, zinavuta maji, bakteria wanazichachusha, gesi inajaa. Kila mtu anatoa gesi hiyo, ila mwenye IBS ndiye inayemuuma. Wengi hawasomi mpaka mwisho wakaona kwamba kujinyima huko ni kwa wiki 2 hadi 6 tu. Baada ya hapo unarudisha chakula kimoja kimoja, kidogo kidogo, ujue adui yako ni yupi. Anayeacha vyote miaka miwili anakonda, na bado hajui kilichokuwa kinamuumiza.

Habari njema ni kwamba jiko la Kilimanjaro halina ubaya unaoufikiria. Ndizi mbichi za kupika zinavumilika vizuri na wengi. Wali, ugali, viazi mviringo, mayai, samaki, nyama, karoti, mchicha, nyanya, papai, nanasi, machungwa, vyote unaweza kuanza navyo. Kwenye kiburu kinachokuvimbisha kuna uwezekano mkubwa ni maharage, wala si ndizi. Kwenye mtori na machalari, mtazame kitunguu.

Maharage: loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, ndipo uyapike kwa maji mapya. Sehemu kubwa ya sukari zinazoleta gesi inaondoka na maji hayo. Kisha kula vijiko vitatu, usijaze sahani. Kitunguu maji na saumu: sukari yake inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kaanga vipande vikubwa kwenye mafuta, vitoe kabla hujatia nyanya au maji, ladha inabaki kwenye mafuta. Au tumia yale majani ya kijani ya kitunguu. Maembe na tikiti maji yana sukari hizo kwa wingi, na ndizi iliyoiva sana huwasumbua watu kuliko ambayo bado ngumu kidogo.

Kuhusu mama mkwe: usikatae sahani mbele za wageni. Mfuate jikoni siku isiyo na sherehe, mwambie "Mama, daktari amenikataza maharage mengi, naomba unipakulie ndizi na nyama." Kisha jitolee kupika wewe mtori wa familia Jumapili. Mama wengi wa huko nawajua: ukiomba kupakuliwa, hujamdharau. Ukisukuma sahani kimya kimya, umemtukana.

Vipi kuhusu maziwa? Wenzangu wanakunywa lita, mimi kikombe kimoja tu kinanikimbiza. Mtindi hauna shida sana. (Ngaramtoni)

Hiyo inaweza kuwa sukari ya maziwa peke yake, hata bila IBS. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kuimeng'enya. Jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki, Wamasai wakiwemo, wengi wao wanao uwezo huo kwa kurithi, ndiyo maana jirani anakunywa lita salama. Kwenye mtindi bakteria wameshakula sehemu ya sukari. Endelea na mtindi, na loshoro yako (mahindi kwa maziwa ya mgando).

Kuna dawa ya kienyeji ya kusafisha tumbo wanauza stendi, chupa moja unaharisha siku nzima. Inafaa? (Moshi mjini)

Hapana.

Kama shida ni kukosa choo, anza na maji, kutembea, na isabgol (maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi) kutoka duka la dawa: kijiko kimoja kwenye maji mengi, ongeza taratibu. Pumba ya ngano yenyewe huzidisha gesi, iache.

Mume wangu anasema ugonjwa huu ni mawazo tu. Daktari naye ameniandikia dawa ya sonona. Nimekasirika. (Njiro)

Una haki ya kukasirika, ila usiitupe hiyo karatasi. Utumbo una mtandao wake mkubwa wa mishipa ya fahamu, unawasiliana na ubongo kila dakika, pande zote mbili. Msongo unazidisha maumivu, na maumivu yanazidisha msongo. Maumivu ni ya kweli.

Dawa unayosema huenda ni amitriptilini. Kwa dozi ndogo, miligramu 10 hadi 30 usiku, inatuliza mishipa ya utumbo. Dozi ya kutibu sonona ni kubwa kuliko hapo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2023, wenye wagonjwa 463 wa IBS, ulionyesha waliopewa dozi hiyo walipata nafuu zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Inaweza kukausha mdomo, kuleta usingizi na kufunga choo, kwa hiyo kama wewe ni wa kukosa choo, mwambie daktari. Mumeo mpe asome aya hii. Kama hatasoma, mpeleke kliniki akasikie kwa mwenye koti jeupe, wapo waume wasiosikia mpaka hapo.

Nina miaka 63. Tangu Pasaka choo kimebadilika, mara kigumu mara laini, na suruali zimelegea. Vijana wameniambia ni IBS, niache mbege. Kweli? (Machame)

Shikamoo mzee. Vijana wamekosea. IBS kwa kawaida huanza ujanani. Choo kinapobadilika kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, na mwili unapungua bila kutaka, hiyo haiitwi IBS mpaka utumbo uangaliwe kwa kamera. Ndivyo ilivyo pia kwa yeyote, wa umri wowote, mwenye damu kwenye choo, upungufu wa damu, homa, kuharisha kunakomwamsha usingizini, au ndugu wa damu aliyewahi kupata kansa ya utumbo.

Inawezekana ni jambo dogo. Lakini nenda hospitali ya Mawenzi wiki hii, usisubiri mavuno, uombe rufaa ya hospitali ya KCMC wakiona inafaa. Mbege tutaizungumza ukirudi na majibu.