Chakula cha tasi
Ndugu uliyeuliza kama samaki aitwaye tasi, ambaye wengine humwita tafi, huwinda samaki wadogo: hapana, huyu ni mla mimea. Tasi wa pwani yetu, kwa jina la kisayansi Siganus sutor, huishi magharibi mwa Bahari ya Hindi, na chakula chake kikuu ni mwani na nyasi za baharini, ndiyo maana wavuvi hutia mwani ndani ya madema, yaani mitego ya samaki, kuwa chambo, na ndiyo maana pia wakulima wa mwani wa Zanzibar hawampendi hata kidogo. Huenda akameza vijidudu vilivyonata kwenye majani, lakini hilo halimfanyi kuwa mwindaji. Hukua haraka, na hukusanyika kwa makundi kutaga mayai, hasa siku zinazokaribiana na mwezi mpevu. Unapomtengeneza jikoni, jihadhari na miiba yake: 13 ya mgongoni, 7 ya pezi la nyuma ya mkundu, na miwili katika kila pezi la tumboni, yote ikiwa na sumu ichomayo vikali ingawa haiui. Ukichomwa, loweka kidole katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia.