"Kiapo cha kufuta kukiri" anachouza kishoka

SWALI: Shikamoo wakili. Mdogo wangu ana miaka 22, ameshtakiwa hapa Masasi kwa unyang'anyi wa kutumia silaha: mkulima alitishiwa kwa panga akanyang'anywa simu na hela za korosho. Aliposomewa shtaka alijibu "ni kweli", kwa kuwa aliambiwa akikiri atapunguziwa. Mwenyewe anasema alikutwa tu na wenzake. Alhamisi anasomewa maelezo ya kosa. Kuna bwana anataka 300,000 aandike kiapo cha kufuta kukiri. Nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe hata mia.

Kukiri kwenyewe bado hakujakamilika. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki wa mwaka 1973, "ni kweli" peke yake haimfungi mtu. Lazima mwendesha mashtaka asome maelezo ya tukio, kisha mshtakiwa aulizwe kama anayakubali. Akipinga jambo la msingi, hakimu anaandika kwamba amekana na kesi inapangiwa kusikilizwa. Kwa hiyo Alhamisi aseme mwenyewe, kwa sauti: "Mheshimiwa, maelezo haya siyakubali," na aeleze lipi si kweli. Kama kweli si kweli, lakini. Mimi sifundishi mtu uongo. Tena asiishie kwenye "panga sikulishika mimi", maana waliokwenda kwa nia moja wanabeba kosa moja.

Hata akishatiwa hatiani, kabla adhabu haijatamkwa anaweza kuomba kubadili jibu, ila hapo ni hiari ya hakimu na sababu zinatakiwa.

Kinachonichosha ni hii habari ya "kiri upunguziwe". Kwa kosa hili adhabu ya chini ni miaka 30. Ya chini! Hakimu hata akitokwa na machozi, hana pa kushukia. Na silaha si lazima iwe bunduki. Kisu au panga vinatosha. Makubaliano ya kukiri kosa yapo kwenye sheria tangu 2019, lakini yanafanywa na mwendesha mashtaka, kwa maandishi, na yanasajiliwa mahakamani. Askari wa kaunta hana mamlaka hayo, sembuse bwana wa chini ya mwembe.

Mabwana hao, vishoka wanaojifanya wanajua sheria, msimu wa korosho hawakosekani. Niliwahi kuletewa karatasi ya mmoja wao. Imechapwa stesheneri, jina la mshtakiwa limekosewa, kuna muhuri wa bluu usiosomeka. Mama aliyeilipia aliihifadhi kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha kuzaliwa, na ndimo ilimobaki hadi mwanawe anahukumiwa, kwa sababu haikuwahi kufika mezani kwa hakimu. Aliyekiri kwa mdomo wake ndiye wa kukana kwa mdomo wake, au kupitia wakili wake. Kiapo cha ndugu hakimsemei.

Wanachokipenda zaidi ni kusema "tutapangua kwenye rufaa". Aliyekiri mwenyewe hana rufaa ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu, mpaka aonyeshe kwamba kukiri kulikuwa na utata au hakukukamilika, kwamba alikiri kwa kutoelewa, kwamba shtaka halikuonyesha kosa, au kwamba maelezo aliyoyakubali hayaundi kosa aliloshtakiwa. Na notisi ya rufaa ni ndani ya siku 10. Nimewaona watu wakizimaliza siku hizo wakimsubiri kishoka apokee simu.

Mdogo wako akikana, msitegemee atarudi nyumbani siku hiyo, maana kosa hili halina dhamana. Nenda mahabusu kabla ya Alhamisi umweleze haya. Wakili yeyote utakayempata, tafuta kwanza jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kama hela haitoshi, uliza pale mahakamani kuhusu msaada wa kisheria. Upo chini ya sheria ya mwaka 2017, na hauhitaji kiapo cha laki tatu.