Kabla hujasema haki za wanawake ni mambo ya kizungu, mfuate mwanaharakati kazini

Huku Mombasa ukitaja haki za wanawake maskani, saa hiyo hiyo mtu ashakwambia hayo ni ya semina za mahotelini, wanawake wafundishwa kuwapanda waume zao kichwani. Mimi ni dereva wa tuktuk, maneno hayo nimekua nayo, na kilichonigeuza si mkutano wala redio, ni kumbeba dada mmoja mwanaharakati ofisi hii hadi ile nikaiona kazi yenyewe.

Kesi iliyonigusa ni ya mama mmoja Majengo anaeuza viazi karai na mahamri. Nyumba nyingi huku ni nyumba bila ardhi, yani kuta zako lakini kiwanja cha mwengine wamlipa kodi, kwahivyo hati ya ardhi huna, una karatasi ya makubaliano tu, na ile karatasi ilikua na jina la mume peke yake. Na mume ashapata mnunuzi. Nikadhani dada ataanza kelele za polisi na magazeti, wapi! Alikaa mkekani akamuuliza mama, mabati nani alinunua? Mawe je? Fundi alilipwa pesa za nani? Mama akaingia ndani akatoka na daftari lake la biashara limejaa mafuta, kila kitu kimeandikwa mpaka mifuko ya simiti. Wallahi hapo moyo wangu uligeuka, kwa sababu huyu hakua ataka cha bure, alikua adai jasho lake.

Kwa mume alienda kwa adabu, shikamoo mzee wangu, akamkumbusha Suratun Nisaa aya ya 32, wanaume wana fungu katika walichochuma na wanawake wana fungu katika walichochuma. Baadae ndio akataja katiba ya 2010 kifungu cha 45, na sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inayohesabu hata kazi ya nyumbani na kulea watoto kua mchango. Na yule dada hakumdanganya mama. Alimwambia wazi kua Muislamu aweza kufuata sheria ya dini kwenye mambo haya, na nusu kwa nusu haiji yenyewe tu, Mahakama ya Juu ilishasema 2023 kila mtu athibitishe mchango wake. Mwisho mume na mke wakaenda kwa wakili pamoja, karatasi ikaandikwa upya kwa majina mawili.

Kwahivyo ndugu yangu unaebishana kila jioni, usimpime mwanaharakati akiwa na maikrofoni, muombe umfuate siku moja, umuone anavyoongea na yule mume. Anaekuja kupiga picha na mama analia kisha haonekani tena, achana nae. Alafu toa karatasi za nyumbani kwenu utafute jina la mamako liko wapi. Wengi tutakuta halipo, na ni yeye aliuza mbaazi tukasoma.

Na kina dada, ikiwa kwenu kuna kipigo namba ni 1195, kupiga ni bure, na aliebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Kwa mambo ya nyumba, risiti za hadweya, duka la vifaa vya ujenzi, zipige picha mapema maana wino wafutika, na nakala mpe dadako au mamako, usiziache ndani ya nyumba ile ile yenye mzozo.