Giaboksi Haivutwi kwa Bolti

Jana alasiri nimerudi gereji kutoka Ligula, hapa Mtwara, nikakuta vijana wangu wawili wamelala chini ya Hilux. Mmoja ana spana ya boksi ya 17 mkononi, mwenzake anamulika mwanya kwa simu: "Bado kidogo, kaza tena." Giaboksi imesimama upana wa kidole kutoka kwenye injini, na wao wanaivuta kwa bolti! Nilipiga kelele mpaka mama muuza ming'oko wa ng'ambo ya barabara akasimama kuangalia nani kafa.

Basi naandika. Msimu wa korosho huo unakuja, pikapu zilizolala toka mvua za masika zitaanza kupanda Newala na magunia, klachi zitaanza kunuka, na mimi koo langu si la chuma. Naongelea gari lilelile mnalolijua: Hilux LN106, injini ya dizeli iitwayo 3L, cc 2779, fowili, bodi imeliwa na chumvi ya bahari. Kushusha giaboksi mnajua, sina haja ya kuanzia huko.

1. Nati ya kujazia oili ifunguliwe kabla ya nati ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma, umebaki na gari lisiloweza hata kusogezwa kivulini.

2. Propela, ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, ipige alama kwa patasi kwenye flenji zote mbili irudi vilevile, la sivyo gari litatetemeka na utasingizia krosi, yaani kiungo cha propela. Silinda ya chini ya klachi ifungue bila kugusa paipu, ining'inize kwa waya, na asikanyage mtu pedeli. Mwaka jana kijana mmoja, simtaji, aliingia ndani kutafuta taarabu redioni, mguu ukaenda wenyewe. Pistoni ikaruka, na mpira wake tuliutafuta mchangani mpaka magharibi kama watu waliopoteza pete ya harusi.

3. Injini ikae juu ya jeki yenye kipande cha ubao. Giaboksi ikitoka, injini inainama nyuma na feni inakwenda kugusa kava la rejeta.

4. Klachi pleti, ile sahani iliyo kati ya injini na giaboksi, iwekwe senta kwa shafti, si kwa jicho. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa na miaka 22. Fundi mkuu alikwenda msibani Masasi akaniachia funguo za gereji, na mimi kichwa kikavimba. Siku hiyohiyo akaja mzee mmoja wa Nanyamba. Giaboksi yake ilikuwa imekufa gia ya tatu, ya mtumba ameagiza Dar na imeshafika na basi, na gari analitaka alfajiri kwa sababu korosho ziko kwenye magunia. Nikamwambia, "Mzee wangu, nenda kalale."

Ukutani kwa mkuu kulikuwa na shafti ya mbele iliyotolewa kwenye giaboksi mbovu, imening'inia kwenye msumari. Kazi yake moja tu: unaipitisha kwenye klachi pleti mpaka ncha iingie kwenye beringi ya pailoti, ile ndogo ya katikati upande wa injini, unakaza presha pleti inayoibana kwa kuvukisha, bolti hii kisha ya upande wa pili, halafu unaichomoa. Niliiona. Nikajiambia hiyo ni ya wanafunzi. Nikapima kwa kidole, nikafumba jicho moja kama mpiga manati, nikakaza.

Tulipoinua giaboksi ikaingia vizuri, ikaingia, ikasimama. Mwanya wa kidole. Tukaitikisa, wapi. Saidia fundi wangu akasema, "Mjomba, imegoma, tuitoe." Angalieni, mtoto wa mwezi mmoja kazini ndiye aliyekuwa na akili pale. Nikamjibu itaingia kwa bolti. Bolti mbili za kwanza zilikwenda laini na mwanya ukapungua, nikamwangalia kwa dharau. Ya tatu ikawa nzito. Nikaongeza paipu kwenye mpini.

Ikalia "tak". Sauti ndogo, kama mtu kavunja korosho kwa meno.

Sikio la juu la nyumba ya klachi, lile ganda la mbele la giaboksi linalofungwa kwenye injini, upande wa stata, lilikuwa limepasuka. Ile ni aluminiamu, haina huruma. Sababu ilikuwa milimita chache tu: pleti ilikaa pembeni, meno ya shafti yamepita, lakini ncha yake inagonga ukingo wa beringi badala ya kuingia. Na mimi nikavuta injini na giaboksi zikutane kwa nguvu, na nguvu yote ikaishia kwenye sikio na kwenye kitovu cha pleti, ambacho kikapinda.

Haya, kuvunja ni ajali. Nilichofanya baada ya hapo hakikuwa ajali. Nilipaka gundi ya chuma kwenye ufa, nikapaka grisi juu yake, nikarusha vumbi juu ya grisi, nikaufuta mkono. Mzee alikuja saa kumi na moja asubuhi na chapati nne kwenye gazeti, za kwangu na saidia fundi. Tulizila.

Gari lilimfia mlimani, na mzigo. Pleti iliyopinda haiachii, unakanyaga klachi mpaka chini, gia inasaga tu. Walizuia matairi kwa mawe. Akanipigia simu, wala hakunitukana: "Mwanangu, gia haiingii." Nilikwenda kwa pikipiki usiku, spana mgongoni, na kule mlimani gizani huwezi kufanya lolote zaidi ya kukaa na mwenye gari mpaka kuche. Alinifunika na gunia.

Mkuu aliporudi hakuuliza kitu. Alichovya tambara kwenye petroli, akafuta sikio lile taratibu, ufa ukatoka. Nyumba ya klachi ilitafutwa nyingine Dar, na ujira wangu ulikatwa mpaka mabibo yakaisha shambani.

Kwa hiyo ikisimama, rudi nyuma. Ingiza gia, zungusha flenji ya nyuma kwa mkono mpaka meno yaonane. Weka bolti mbili ndefu zilizokatwa vichwa ziwe njia. Bado? Shusha, pima senta upya. Bolti inakaza vitu vilivyokwisha kukutana.

5. Oili ni 75W-90 ya daraja la GL-4, ijae mpaka imwagike tunduni gari likiwa usawa; GL-5 nyingi zinakula ringi za shaba za sinkro, zile zinazolainisha kuingia kwa gia.

6. Kibushi cha plastiki cha mwisho wa gia liva badilisheni, ni pesa ndogo, dereva asione anakoroga uji.

Hiyo ya jana tuliishusha. Shafti ya senta ilikuwa ukutani palepale, mtu katundika shati. Nikatoa shati, nikawapa shafti. Giaboksi iliingia kwa mikono minne na goti moja, kabla bolti yoyote haijaguswa, na wale wawili wakaangaliana bila kusema kitu.

Na ile boksi ya 17 sijaiona toka jana jioni. Aliyeichukua airudishe.